Mwanangu, kuhusu tumbo langu na vile vidonge

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona, umeuliza mbona tangu nikome hedhi tumbo linakuja wakati chakula sijaongeza, na kama uninunulie vile vidonge vya kubalansi homoni za mafuta ulivyoviona mtandaoni. Vidonge usinunue mama, ntakwambia kwanini, ila tuanze na tumbo maana ndo penyewe.

Estrojeni, ile homoni ya kike, ikiwepo ya kutosha mafuta mengi ya mwanamke yanakaa nyonga na mapaja, ikishuka hedhi ikikoma yanahamia tumboni, mpaka ndani kabisa huko kwenye ini na utumbo, yani kilo unaweza ukakuta zilezile kumbe mafuta yamehama na misuli imepungua. Na hayo ya ndani ndo mabaya. Watu wanadhani mafuta yamekaa tu kama gunia stoo, hapana, yanatengeneza homoni na kuziingiza kwenye damu. Kuna leptini, Jeffrey Friedman na wenzake waliigundua 1994 kule New York, hiyo inaambia ubongo akiba ipo punguza kula. Halafu kuna adiponektini, hii ndo naipenda, inaisaidia insulini kufanya kazi yake ya kushusha sukari na inatuliza ule uvimbe wa ndani kwa ndani usioonekana. Sasa mafuta ya tumboni yakizidi leptini inapanda mpaka ubongo unakuwa hauisikii tena, adiponektini nayo inashuka, hapo sukari inaanza kupanda, presha, mafuta kwenye damu, vyote vinakuja taratibu na huumwi popote.

Ndo maana siku hizi naamini futi kamba kuliko mzani. Kiuno cha mwanamke kikipita sentimita 80 aanze kuangalia, kikipita 88 hatari imeshakuwa kubwa, na sukari ya asubuhi kabla hujala ikifika 5.6 mmol/L usiseme bado.

Kingine, mkishazungumza na shangazi yako mwambie hivi, hedhi ikishakoma mafuta ndo yanabaki kutengeneza estrojeni, yakiwa mengi yanaweza kukuza ukuta wa kizazi kupita kiasi, kwahiyo akiona damu tena baada ya mwaka mzima bila hedhi aende hospitali asisubiri, hata kama ni tone.

Kinachosaidia kinajulikana mbona. Marekani walifatilia watu waliokuwa karibu kupata kisukari, matokeo yakatoka 2002, waliowekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na mazoezi dakika 150 kwa wiki, kisukari kilipungua kwa asilimia 58 ukilinganisha na wasiofanya hivyo. Mi natembea, na nimeanza kunyanyua vitu vizito kwa ajili ya misuli.

Kuhusu vidonge sasa. Hata vingekuwa na leptini yenyewe, hiyo ni protini, ukiimeza tumbo linaisaga kama chakula kingine. Wanaopewa kwa sindano ni wachache sana ambao miili yao haiitengenezi ya kutosha, mi ninayo nyingi tayari, ningeongezewa ya nini? Hela hiyo nitumie nikapime sukari na kolestro.

Mama yako