Maswali ya Wasomaji: "Rubani Lazima Awe Baba"

SWALI: Kijana wangu ana miaka mitano. Kamwambia dada yake wa miaka minane kwamba hawezi kuwa rubani, kwa sababu rubani lazima awe baba. Nimeshamwambia mara nyingi kuwa wasichana wanaweza kila kitu, naye anarudia yaleyale. Nifanyeje? – Mama, Sakina, Arusha

JIBU: Nia yako ni njema, mama, ila mtoto wa umri huo hashikwi na kauli ya jumla. Anahesabu anachokiona. Akifika miaka mitatu huwa anajua nani mvulana na nani msichana, na kwenye miaka 5 au 6 ndipo anapozing'ang'ania kanuni zake kwa ukali kabla hazijaanza kulegea. Kila akipanda daladala dereva ni mwanaume na konda ni mwanaume. Kanuni ameshaipata.

Mfano mmoja hauing'oi. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani waliwaonyesha watoto wa miaka 5 na 6 filamu fupi yenye daktari mwanamke na nesi mwanaume. Walipoulizwa baadaye, wengi walisema daktari alikuwa mwanaume na nesi mwanamke! Kwa hiyo mwonyeshe picha ya rubani mwanamke leo, kesho muulize bila picha. Akigeuza, usimkemee, itoe tena, aitazame, akueleze mwenyewe yule mtu anafanya nini. Tafuta watu watatu au wanne wa kazi hiyohiyo, maana akimwona mmoja tu humweka kando kama mtu wa ajabu na kanuni yake inabaki.

Kisha ongeeni kuhusu kazi yenyewe. Wanasaikolojia wa Marekani Rebecca Bigler na Lynn Liben walichapisha mwaka 1992 utafiti ambamo watoto walifundishwa kwamba anayefaa kazi fulani ni yule anayeipenda na aliyejifunza ujuzi wake. Rubani anajua hesabu, anasoma ramani, anafuatilia hali ya hewa. Muulize: katika hayo, lipi dada hawezi kujifunza? Akisema "lakini ni msichana," muulize ni sehemu gani ya ndege inayojua hilo. Swali moja kwa siku linatosha.

Mifano mnayo hapo hapo. Nyumba ya jadi ya Kimaasai hujengwa na wanawake: wao ndio wanaosimika fito na kukandika udongo na samadi. Cherehani za kwenye baraza za mjini, nyingi wanakaa wanaume. Na tazama nyumbani kwako nani anafunga mtungi wa gesi, nani anaosha vyombo. Dada akiitwa jikoni wakati kaka yake anacheza nje, hayo mengine yote yatakuwa kazi bure.

SWALI: Darasa langu la awali lina kona ya jiko na kona ya ufundi. Wasichana wanajaa jikoni, wavulana kwenye nyundo. Niwalazimishe kubadilishana? – Mwalimu, Moshi Vijijini

JIBU: Usiwalazimishe, mwalimu. Ziunganishe kona hizo ziwe mchezo mmoja unaohitaji kazi zote, na kwenu msafara wa Kilimanjaro unafaa kuliko wowote. Weka kadi kwenye kopo: mwongozaji, mpishi, mpagazi, dereva, daktari. Watoto watano kwa kundi, kila mmoja achomoe bila kuchungulia. Dakika 10, kadi zirudi koponi, wachomoe upya. Mizigo iwe mifuko ya mchanga ya kilo 1, yote sawa, ipimwe kwenye mizani mbele yao. Usipopima, wavulana watagombea mkubwa na wasichana wataachiwa mdogo. Waambie kuwa mlimani pia mizigo hupimwa, na mpagazi hatakiwi kubebeshwa zaidi ya kilo 20. Mvulana aliyepata kadi ya mpishi akichekwa, waeleze kuwa wapishi wa misafara ya mlimani kwa kawaida ni wanaume, na kwamba wapo wanawake wanaobeba mizigo na wanaoongoza wageni hadi Uhuru, mita 5,895.

Kinachoharibu zaidi ni maneno tunayoyatoa bila kufikiri: "Wavulana mstari huu, wasichana ule." "Wavulana wenye nguvu, njooni mbebe meza." Mwaka 1995 Bigler alionyesha kuwa mwalimu akilipanga darasa kwa jinsia, fikra hizi kuhusu kazi huongezeka kwa watoto. Wapange kwa mwezi wa kuzaliwa au kwa rangi ya kitambaa.

Ukimwalika fundi umeme mwanamke, mwombe asianze na "ingawa mimi ni mwanamke." Mtoto ambaye hakuwahi kuona tatizo ataanza kuliona hapo. Aje na testa na plaizi zake, aonyeshe hatua za kubadilisha soketi isiyo na umeme, dakika 15, na maswali.

SWALI: Mwanangu wa kiume, miaka minne, anapenda kumshonea mwanasesere nguo. Babu yake anakasirika. – Baba, Majengo, Moshi

JIBU: Usibishane na mzee mbele ya mtoto. Siku akipeleka suruali kupunguzwa, mwombe aende na mjukuu, wakamwone fundi akikata na kushona. Yaelekea atakuwa mwanaume, na mzee mwenyewe anamwamini kwa nguo zake. Nyumbani mpe mtoto sindano butu ya plastiki yenye tundu kubwa, uzi wa sufu na kipande cha gunia lililofumwa wazi. Uzi usizidi urefu wa mkono wake, maana mrefu hujifunga mafundo na ataacha kwa hasira.