Kupanda nilirudia mapema, kushuka ndiko kulikonichelewesha

Kama umevunjika mguu na kazi yako iko mlimani, au wewe ni mtu wa safari tu na roho yako iko huko, nina jambo moja la kukuambia kabla hujaweka magongo kando: usijipime kwa kupanda. Jipime kwa kushuka. Mimi nililijua hilo nimeshachelewa, na lilinila karibu mwaka mzima.

Nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka sita. Wenyewe tunaitana wagumu, na wanawake tumo, japo wachache. Niliumia mwezi wa pili, siku ya mwisho ya safari, kama mwendo wa saa moja hivi chini ya kambi ya Mweka. Wageni walishafika kilele cha Uhuru, picha walishapiga. Kilichobaki ni kuteremka msituni kutoka mita 3,100 mpaka getini. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na kila mtu ana haraka: chini kuna malipo, kuna bakshishi, kuna daladala ya kurudi nyumbani. Kichwani nina begi la mgeni juu ya ngata, mgongoni mkoba wangu. Viatu vyangu vilikuwa vya mtumba, soli imelika kisiginoni ikawa laini kama sufuria. Nikakanyaga mzizi uliolowa. Mguu wa kulia ukanasa kwenye mzizi, mwili ukaenda. Nilisikia kama mtu kavunja ukuni mkavu, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kugeuza shingo nione kama begi la mgeni limechafuka.

Wenzangu walinifunga mguu kwa godoro la kulalia na kamba, wakanishusha kwa ile machela ya gurudumu moja hadi mahali gari linapoweza kufika. Mama alipigiwa simu na mtu asiyemjua. Hospitali wakaniambia mifupa miwili ya kifundo imevunjika, wakanifunga hogo, ile plasta ngumu, la wiki sita.

Nipite haraka kwenye suala la fedha, ingawa ndilo lililoninyima usingizi kuliko maumivu. Mimi nilikuwa sina mkataba. Nilikuwa naitwa kwa simu jioni, kesho asubuhi niko getini. Kwa Tanzania Bara mwajiri anatakiwa amchangie mfanyakazi wake kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi 2015. Uliza habari hiyo kabla hujainua mzigo, na uombe mkataba wa maandishi hata kama ni wa safari moja. Mimi niliokolewa na kina mama wa kikoba chetu, na mpaka leo nikiwakumbuka machozi hunilenga.

Watu waliokuja kuniona walikuwa na hadithi moja: ya Kyle Maynard, yule Mmarekani aliyezaliwa bila mikono na miguu iliyokamilika, ambaye Januari 2012 alipanda Kilimanjaro kwa kutambaa mpaka kileleni. Ni kweli alifanya, na namheshimu sana. Lakini nikiwa kitandani hadithi ile iliniumiza. Mimi nilikuwa nashindwa kushuka vidato vitatu vya nyuma ya nyumba kwenda chooni bila mama kunishika kiuno. Kwa hiyo ukienda kumwona mgonjwa, tafadhali, mwachie shujaa wake amchague mwenyewe. Mpelekee mtori. Mtoe nje akae juani. Mwulize vidato vile vimefikia wapi.

Hogo lilipotolewa niliogopa mguu wangu. Ulikuwa mwembamba, ngozi inabanduka, shavu la mguu limeyeyuka kama halikuwahi kuwepo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akanipa mazoezi, nikayafanya wiki tatu, nikayaacha. Nilikuwa natembea sichechemei, nikaona yametosha. Mwezi wa sita nikaitwa safari ya njia ya Marangu, nikaenda.

Kupanda sikupata shida yoyote. Kambi ya Mandara, mita 2,720, nikafika na mzigo. Horombo, mita 3,720, nikafika. Kibo, mita 4,720, nikafika, nikakaa juu ya jiwe nikajiambia nimepona. Kesho yake tukageuza. Kabla hatujaiona Horombo kifundo kilikuwa kimevimba hata kiatu hakifungiki, na kila hatua ya kushuka ilikuwa kama msumari unagongwa kutokea chini. Mzigo wangu aliubeba kijana mmoja juu ya wa kwake. Aibu ile sitaki uionje.

Niliporudi kwa mtaalamu hakunigombeza, alinionyesha tu. Unapopanda, mguu unasukuma. Unaposhuka, mguu unapokea uzito wa mwili na mzigo wote, halafu paja na shavu la mguu vinafanya kazi ya breki. Misuli hiyohiyo ndiyo iliyosinyaa ndani ya hogo. Tena kushuka kunataka kifundo kikunjike kwenda mbele, goti lipite vidole, na hapo ndipo kinapokakamaa. Akanisimamisha mbele ya ukuta, mguu umbali wa vidole vinne, akaniambia nigusishe goti ukutani bila kuinua kisigino. Mguu wa kushoto uligusa bila kazi. Wa kulia uligoma kabisa. Kipimo hicho kifanye nyumbani leo. Kama miguu yako miwili haifanani, mlima usubiri, na rudi kwa anayekutibu.

Nikaanza upya. Asubuhi napiga mswaki nimesimama kwa mguu mmoja, ule wa kulia. Mchana kwenye kile kidato cha nyuma nasimama kwa nusu ya mbele ya nyayo, nainua visigino vyote viwili, kisha nashusha kimoja peke yake, taratibu, nahesabu mpaka tano. Ukishusha puu, hujafanya kitu.

Jioni ndiyo ilikuwa darasa lenyewe. Kihamba chetu, yaani shamba la migomba la nyumbani, kiko mteremkoni, na chini kabisa unapita mfongo, mfereji wa maji. Nilikuwa nashuka mpaka kwenye mfongo mikono mitupu, narudi. Wiki mbili hivyo. Halafu nikawa nashuka na dumu la lita tano lenye maji, jambo ambalo majirani hawakulielewa, maana maji watu huyapandisha. Jirani mmoja mzee alinisimamisha, nikamwamkia, akauliza, "Mwanangu, unayapeleka maji mtoni?" Nikamwambia, "Nafundisha mguu, meku," ndivyo tunavyomwita mzee Uchagani. Akatazama kifundo, akasema kesho nipite njia ya kwake kwa sababu ina mawe mengi zaidi. Nikapita. Kutoka lita tano nikaenda kumi, na lita ishirini niliibeba nikiwa na uhakika, miezi mitano baadaye.

Wageni tunawaimbia pole pole tangu getini, kwa sababu mwili unahitaji muda kuzoea hewa nyepesi ya juu. Sijui kwa nini nilidhani mfupa wangu hauhitaji.

Januari nikarudi, njia ya Machame, ambayo huteremkia Mweka. Nilikuwa na viatu vyenye meno, niliweka akiba miezi minne kuvinunua, na fimbo mbili za kutembelea, zile zinazorefushwa na kufupishwa. Wakati wa kushuka zirefushe kidogo, uzitangulize mbele, uzito uziegemee kabla ya mguu. Siku ya mwisho nilimwomba kiongozi wa msafara nianze safari mapema kuliko wenzangu, nisishuke kwa mwendo wa mtu mwingine. Alikubali. Omba hivyo bila kuona haya. Anayekukatalia hakufai kufanya naye kazi.

Mzizi ule niliukuta. Umechakaa katikati kwa kukanyagwa. Mikono ilinitoka jasho na baridi ile. Nikatua begi, nikapita kwanza mtupu, nikageuka ubavu, mguu wa kulia chini, wa kushoto ukafuata. Nikarudi kuchukua begi, nikapita tena. Vijana wawili walinipita mbio, mmoja akaniuliza, "Dada, vipi?" Nikamwambia tangulia.

Getini nilisaini kitabu nikampigia mama mwenyewe.

"Uko wapi?"

"Mweka, mama. Getini."

"Umeshuka na nini?"

"Na miguu."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nipitie sokoni ninunue nyama ya mtori.