Kwa nini tiketi ya ndege hupanda ukichelewa, na namna ya kuinunua

Muuza samaki pale Feri, Dar es Salaam, hushusha bei jua likielekea kuzama, maana samaki wa leo kesho hana soko. Kiti cha ndege huoza haraka kuliko samaki: mlango ukifungwa, basi. Mbona tiketi hupanda siku zikikaribia? Kwa sababu mnunuzi wa jioni pale Feri anaweza kughairi akapike maharage. Anayenunua tiketi siku moja kabla ya safari mara nyingi ana msiba, ana mgonjwa, au analipiwa na ofisi. Huyo hana maharage.

Kwa hiyo shirika la ndege huuza herufi. Ndani ya ekonomi ileile kuna makundi ya bei, kila moja na herufi yake. Y ndiyo ghali na yenye uhuru mwingi. Zilizobaki kila shirika hupanga kwa namna yake. Kompyuta huamua kila herufi ipewe viti vingapi, na vya bei ya chini vikiisha unapandishwa kundi linalofuata, hata kama nusu ya ndege bado tupu.

Hapo ndipo familia huumia. Tuseme mko wanne, kundi la dola 310 limebakiwa na viti 3, na linalofuata ni dola 390. Ukitafuta tiketi nne kwa pamoja, mifumo mingi haiwapi tatu za 310 na moja ya 390. Hutafuta kundi lenye viti vinne, nanyi nyote mnalipa 390: jumla 1,560. Nunua tatu kwanza, kisha moja: 930 na 390, jumla 1,320. Dola 240 zimebaki mfukoni. Anza kutafuta na mtu mmoja, kisha wawili, kisha watatu, uone bei inarukia wapi. Ubaya wake ni kwamba mnakuwa na buking mbili, na ratiba ikivurugika mnaweza kutenganishwa. Piga simu shirika waziunganishe kwenye kumbukumbu zao, na mtoto asibaki peke yake kwenye ile ya pili.

Bei ikipanda kati ya asubuhi na jioni, wengi husema mtandao unawachungulia. Sababu inaweza kuwa nyepesi: wakala fulani ameshikilia viti vya mteja ambaye hajalipa. Muda wa kulipa ukipita, viti hurudi na bei inaweza kushuka. Hata wewe wakala akikushikilia kiti, muulize saa kamili ya mwisho ya kulipa. Usiridhike na “hadi kesho”.

Kinachowashangaza watu zaidi ni ndege ya kuunganisha kuwa na bei nafuu kuliko ya moja kwa moja, ingawa inachoma mafuta mengi. Bei haifuati kilomita. Kutoka Dar hadi London unaweza kupitia Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul, na mashirika ya miji hiyo yote yanamgombania abiria yuleyule. Anayeshukia njiani hagombaniwi hivyo, ndiyo maana kipande kifupi pekee wakati mwingine hugharimu zaidi ya safari nzima.

Usijaribu kuwa mjanja kwa kuruka kipande cha kwanza. Usipotokea, vipande vyote vinavyofuata hufutwa, pamoja na vya kurudi. Kuruka cha mwisho nako kuna adha: begi lililopakiwa litaendelea na safari bila wewe, na shirika likigundua linaweza kukudai.

Kabla ya kulipa, soma masharti ya kubadili tarehe. Faini ni sehemu tu. Juu yake unaongezwa tofauti ya bei hadi herufi iliyo wazi siku hiyo, nayo ndiyo inayouma. Kwa safari inayoanzia au kuishia Marekani, ukinunua moja kwa moja kwa shirika siku 7 au zaidi kabla ya kuondoka, una saa 24 za kughairi bila faini, isipokuwa kama lilikupa nafasi ya kushikilia bei kwa muda huo kabla ya kulipa.

Na tiketi “isiyorudishiwa pesa” ikikupita bila kusafiri, dai kodi za uwanja, maana hukuzitumia. Mashirika mengi huzirudisha kwa anayeomba. Mstari ulioandikwa YQ kwenye mchanganuo wa bei ni tozo ya shirika lenyewe, na huo mara nyingi haurudi.