Muulize Kabla Hujamwongezea Dozi

Wadogo zangu mnaoanza zamu wodi ya akili hapa Moshi, nimepitia mafaili yenu nikaumia. Mnaandika hivi kuhusu haloperidoli, dawa ya kutuliza ugonjwa wa akili: "Bado ana fujo, haloperidoli iongezwe." Mgonjwa mwenyewe aliulizwa na nani?

1. Akathisia, yaani mwili kushindwa kutulia kwa sababu ya dawa hizi. Aliwahi kuletwa kijana wa bodaboda, anasikia sauti. Siku chache baada ya sindano sauti zikapungua, ila hakaliki. Akikaa kitandani, anainuka. Akisimama, mguu huu, mguu ule, kama anayekanyaga udongo wa tofali. Uji unapoa kikombeni. Usiku kucha yuko koridoni. Zamu ya usiku ikaandika fujo, dozi ikapandishwa. Akazidi. Ikapandishwa tena! Mama yake, aliyekuja na ndizi zake kila jioni, ndiye aliyesema: "Nesi, mwanangu haongei tena peke yake. Anasema miguu inamwaka, haimpi nafasi ya kukaa." Daktari akashusha dozi, akaongeza propranololi, dawa ya presha inayotuliza hali hii, kijana akaanza kulala. Mateso yale huwafikisha wengine kutaka kujiua, na wengi wakiruhusiwa hawataki kuiona dawa tena. Kwa hiyo uliza: ni mawazo yanakusukuma, au ni mwili wenyewe hautulii? Na benzhexoli, dawa ya kulegeza misuli iliyokazwa na dawa hizi, hapa haisaidii sana, msiipeane kama pipi.

2. Benzhexoli kazi yake ni hapa: shingo imepinda, macho yamepanda juu, ulimi umekaza, hasa kwa vijana wa kiume siku za mwanzo. Ndugu watasema mapepo. Waelezeni ni dawa, kisha mtibuni hapo hapo.

3. Homa, misuli kukakamaa, kuchanganyikiwa, jasho: huenda ni dawa hizi hizi. Kipimo cha malaria hata kikiwa chanya, usiishie hapo. Zuia dozi inayofuata, mwite daktari sasa hivi. Hii inaua.

4. Dawa nyingine za ugonjwa wa akili nazo zina yake. Klopromazini: presha ipimwe amelala, kisha amesimama. Anayerudi shambani avae mikono mirefu na kofia, jua litamuunguza. Olanzapini: uzito na sukari kabla ya kuanza. Klozapini: picha kamili ya damu kila wiki kwa wiki 18 za kwanza, seli nyeupe zinaweza kuporomoka.

5. Wagonjwa wa sindano ya mwezi ya dawa hizi msiwachome wakiwa mlangoni, foleni ikisukumana. Mkalishe, mwangalie usoni. Midomo inatafuna na hakuna kitu, ulimi unachomoza wenyewe? Mpeleke kwa daktari kabla ya sindano, maana hali hiyo ikikomaa mara nyingi haiondoki hata dawa ikiachwa.