Dada yangu yuko rumande na mimba ya wiki 30: tuanzie wapi?

Swali: Habari ya kazi, muuguzi. Dada yangu yuko rumande kwa wiki ya tatu sasa, katika gereza la wanawake hapa Kenya. Ameshtakiwa kumwibia mwajiri wake. Mimba yake ni ya wiki 30 hivi, na kitabu cha kliniki kilibaki nyumbani. Anaogopa kuzaa akiwa na pingu, na mama yetu anaogopa kwamba mtoto atachukuliwa. Tuanzie wapi?

Jibu: Pole kwenu, dada. Anzeni na hicho kitabu cha kliniki. Kipigeni picha kila ukurasa, kisha mkikabidhi mkononi mwa muuguzi au afisa wa kliniki wa gereza. Kikiachwa getini kitaingia stoo pamoja na nguo na simu yake, na hakitaonekana tena hadi siku ya kutoka. Humo mna kundi lake la damu, majibu ya VVU na kaswende, vipimo vya shinikizo la damu vya mwanzo na tarehe ya hedhi ya mwisho. Shinikizo la 140/90 lina uzito tofauti kwa mtu aliyeanza mimba na 110/70. Kama kitabu kimepotea, tarehe ya kujifungua hukadiriwa hivi: siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7 na miezi 9.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio 8 ya kliniki. Kwake yamebaki 5: wiki ya 30, 34, 36, 38 na 40. Kinachoyavuruga zaidi ni mahakama. Siku ya kesi mahabusu huondoka asubuhi, na kliniki ikiangukia siku hiyo, imempita. Basi aombe kliniki nyingine wiki hiyo hiyo, asisubiri mwezi ujao.

Anahitaji tembe ya madini ya chuma miligramu 60 yenye foliki asidi mikrogramu 400, moja kila siku. Asiimeze na chai. Chai hupunguza sana kiasi cha chuma kinachoingia mwilini, na gerezani chai ndiyo kifungua kinywa. Aimeze angalau saa moja au mbili baadaye, kwa maji. Kama gereza liko ukanda wa malaria, kama vile Pwani au kando ya Ziwa Victoria, anatakiwa pia tembe 3 za SP (dawa ya kukinga malaria) kwa mara moja, na dozi hizo zipishane mwezi mmoja au zaidi. Ila kama anatumia Septrin (dawa ya kukinga maambukizi) kila siku, asipewe SP. Na kama anatumia ARV (dawa za VVU), muuguzi aambiwe leo: dozi nyingi hukatika katika siku za kituo cha polisi, na virusi vikipanda wakati huu mtoto ndiye anayebeba hatari.

Linalonitia wasiwasi kuliko yote ni usiku. Seli hufungwa jioni, na uchungu haungoji asubuhi. Akianza kuvuja damu saa nane za usiku, askari wa zamu lazima amwite mwenye funguo, gari litafutwe, wasindikizaji wa kike wapatikane. Kila hatua inakula dakika. Kwa hiyo mwombeni mkuu wa gereza, kwa barua, mpango ulioandikwa kabla ya wiki ya 36: hospitali gani, gari gani, nani anapigiwa simu, na alale na mwenzake anayeweza kupiga kelele. Wote wawili wajue dalili zisizongoja: kutokwa damu, maji kuvuja, kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, uso kuvimba ghafla, degedege, mtoto kupunguza kucheza. Uamuzi wa kitabibu ni wa mtaalamu wa afya. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa (2015) zinasema afisa asiye wa afya hawezi kuutengua, na Katiba ya Kenya, ibara ya 43(2), inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.

Kuhusu pingu: Kanuni za Mandela na zile za Bangkok (2010), za Umoja wa Mataifa pia, kuhusu wafungwa wanawake, zinakataza kabisa kumfunga mwanamke akiwa na uchungu, akijifungua, na mara tu baada ya kujifungua. Sababu ni ya kimwili. Mabega ya mtoto yakikwama, mkunga ana dakika chache tu za kumkunja mama miguu hadi tumboni. Mguu uliofungwa kitandani haukunjiki. Safarini pia, mwenye pingu mikononi akijikwaa hawezi kukinga tumbo. Kanuni za Bangkok zinakataza vilevile kumtia mjamzito au anayenyonyesha kwenye seli ya adhabu ya peke yake.

Mwambieni mama kwamba sheria ya magereza ya Kenya inaruhusu mtoto kukaa na mamake hadi atimize miaka 4, au hadi mahali pema pa kumlea nje papatikane, lolote litakalotangulia. Mtoto huyo si mfungwa. Ajifungulie hospitali ya nje ya gereza, na hata ikitokea akazaliwa ndani, cheti cha kuzaliwa kisitaje gereza. Baada ya kujifungua akae hospitalini angalau saa 24, kwa kuwa damu nyingi inayoua hutoka katika saa hizo. Akirudi, anahitaji sodo za kutosha na chakula cha ziada, maana anayenyonyesha hutumia takriban kalori 500 zaidi kwa siku.

Halafu dhamana. Wiki 3 zimepita na bado ana haki ya kuiomba. Kama kiwango ni kikubwa mno, wakili anaweza kuomba Mahakama Kuu ikipunguze chini ya kifungu cha 123(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Ambatisheni barua ya muuguzi wa gereza yenye tarehe ya kujifungua na hatari zozote alizoziona. Neno “mjamzito” peke yake halimwambii hakimu jambo la kutosha. Akipatikana na hatia na mahakama ikiona kifungo cha miaka 3 au chini kinatosha, inaweza kumpa huduma kwa jamii badala ya jela. Afisa wa probesheni ndiye atakayeandika ripoti, na atataka kujua nani atamsaidia na mtoto nyumbani. Mtu huyo aende mwenyewe katika ofisi ya afisa huyo, na kitambulisho.