Miche ilikufa, sasa tunaletewa semina ya kujitambua

SWALI: Kikundi chetu cha akina mama hapa Kitui kilipewa miche 400 bure. Iliyo hai haifiki 50. Sasa tunaambiwa tupate kwanza semina ya kujitambua, ndipo tupewe mingine. Moyo wa mtu na mti vinahusiana vipi?
Katibu wa kikundi

JIBU: Vinahusiana, Dada Katibu, ila semina ikigeuka mahubiri mtapoteza siku bure. Vuguvugu la upandaji miti la Green Belt, alilolianzisha Wangari Maathai mwaka 1977, lilitumia semina kama hizi kwa sababu wanavijiji wengi walikuwa wameaminishwa kwamba suluhisho lazima litoke nje. Mfano uliotolewa katika semina hizo ulikuwa msafiri aliyepanda basi lisilo lake, kama jamii iliyojikuta pabaya: je, hakuuliza, aliogopa, au alipotoshwa?

Kaeni watu 20 hadi 25, nusu siku inatosha. Andikeni kila shida inayotajwa bila kubishana, kisha mbele ya kila shida andikeni chanzo chake. Mara ya kwanza karibu kila kitu kitabebeshwa serikali. Mwezeshaji asikemee; aulize tu, mbuzi walioila miche walikuwa wa nani? Hapo ndipo semina inapoanza kweli.

Kosa kubwa ni kufunga kikao kwa ahadi ya "nitatunza mazingira". Haikaguliki. Ahadi iwe hivi: miche 5, nyuma ya jiko, lita 2 za maji ya kuoshea mboga kwa kila mche mara mbili kwa wiki hadi mvua ishike, uzio wa miiba, na jina la jirani atakayekuja kuhesabu. Mtu apewe miche anayoweza kuimwagilia, si inayomfikia kwa mgao. Green Belt nayo ililipa akina mama kiasi kidogo kwa kila mche uliosalimika, wala si kwa kila shimo lililochimbwa.

Shimo lenyewe liwe sentimita 45 kwenda chini na 45 upana. Udongo wa juu utengwe, uchanganywe na samadi iliyooza (mbichi huunguza mizizi), urudi chini. Chaneni karatasi (mfuko) ya mche na kuiondoa kabisa. Ikibaki, mizizi hujizungusha mle ndani na mche hudumaa. Tandazeni majani makavu, lakini yasiguse shina.

SWALI: Nimeacha mkaa na mifuko ya plastiki, lakini malori bado yanachimba mchanga mtoni kwetu. Nimejibadilisha bure?
Msomaji, Machakos

JIBU: Si bure, ila jiko lako halizuii lori. Huwa haituingii akilini anayepika githeri kulaumiwa kuliko mwenye lori. Maathai huyohuyo, mwaka 1989, aliandika barua baada ya barua kupinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi, na halikujengwa.

Andika tarehe, saa, namba za magari na mahali penyewe mtoni. Piga picha ukiwa mbali, kwa usalama wako. Peleka malalamiko ofisi ya kaunti ya NEMA, mamlaka ya serikali ya kusimamia mazingira, nawe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wakinyamaza, Kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010 kinakuruhusu kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara. Mkienda kama kikundi, gharama na vitisho hupungua.