Dahl naye alianzia kwenye mafuta

Wiki hii mmetuuliza: anayebadilisha kazi mara kwa mara, anapoteza muda? Kwangu hapana, na shahidi wangu ni Roald Dahl, mwandishi wa hadithi za watoto, aliyezaliwa Wales mwaka 1916 na wazazi kutoka Norwei.

Nafanya kazi kituo cha mafuta hapa Dar es Salaam, ndiyo maana habari zake zilinishika. Aliingia Shell mwaka 1934, na mwaka 1938 akaletwa hapa hapa Dar, akajifunza Kiswahili, akazunguka bara kuwahudumia wateja wa mafuta. Vita Kuu ya Pili ilipoanza akaenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Septemba 1940 akaelekezwa vibaya, ndege ikaanguka jangwani Afrika Kaskazini. Fuvu likapasuka, akakaa wiki kadhaa haoni. Mwaka uliofuata alikuwa angani tena, Ugiriki.

Uandishi ulimfuata Washington mwaka 1942, akiwa ubalozi wa Uingereza. Mwandishi C. S. Forester alimwalika chakula cha mchana ili amsimulie ya vitani. Bata wa kuoka akawa anamshinda Forester: ale, au aandike? Dahl akaahidi kumwandikia mwenyewe usiku. Karatasi zile zikachapishwa gazetini, akalipwa.

Lakini linalonigusa zaidi si vitabu. Desemba 1960 mwanawe Theo, mtoto wa miezi minne, aligongwa na teksi New York, maji yakawa yanajaa kichwani. Mrija wa kuyatoa ukawa unaziba kila mara, na kila ukiziba mtoto anarudi kupasuliwa. Dahl alikuwa na rafiki, Stanley Wade, fundi wa injini ndogo za ndege za kuchezea. Akamkutanisha na daktari wa upasuaji, Kenneth Till, wakatengeneza vali, kilango cha kupitisha maji hayo, isiyoziba kirahisi. Theo alipata nafuu kabla haijakamilika, ila maelfu ya watoto wengine waliwekewa, na watatu hao hawakutaka faida. Ni nani angemfikiria fundi wa vindege, kama si mtu aliyepita njia nyingi?

Simtetei kwa kila kitu. Aliyoyasema juu ya Wayahudi yalikuwa mabaya, na familia yake imeomba radhi.

Katika kibanda chake cha kuandikia, kijijini Great Missenden, Uingereza, mezani palikuwa na donge zito la karatasi za kung'aa za chokoleti. Alianza kulikunja akiwa kijana wa ofisini Shell, London, karatasi moja baada ya nyingine, na hakulitupa hadi alipofariki mwaka 1990.